Lundo Nyuma ya Ghala

Alifika Jumanne, matope yamempanda magotini,
na kijiko cha supu, vifuko sitini vya plastiki,
kalamu moja nyuma ya sikio.
Hakuuliza habari za maua.
Alitaka kuliona lundo.

Hakuna anayekuja Noordwijkerhout kuona lundo.
Watu huja Aprili, kwa mabasi, wapigwe picha
kati ya nyekundu na manjano,
warudi makwao na tope kidogo kwenye viatu vyeupe.
Lundo liko nyuma ya ghala: maganda, mizizi,
matunguu ya tulipu yaliyooza kabla ya kuuzwa.
Asubuhi za baridi hufuka mvuke kama chungu.
Baba alikuwa akipashia mikono hapo.

"Humu ndani," alisema Jildou Hettema, akichomeka kipimajoto,
"mna joto la mtu mwenye homa."
Akachota. Akaandika. Akachota tena.

Nikamweleza habari za Evert, ndugu yangu,
ingawa hakuuliza.
Saratani ya damu. Waliziua chembe mbovu na njema pamoja,
kama unavyolipua shamba zima
kwa magugu ya kona moja.
Alikuwa anapona. Alianza kulalamikia chai ya hospitali,
dalili njema kwa Evert.
Kisha daktari akasema ukungu umeingia mapafuni.

Sisi wa nchi hii iliyo chini ya bahari
tumezaliwa ndani ya ukungu,
ule unaofunika mifereji na kulowesha manyoya ya ng'ombe.
Nilidhani nimemsikia vibaya.
Siyo huo, akasema. Ule unaoota kwenye mkate.

Wakampa dawa. Ukungu ukainywa kama maji.
Wakamwongezea. Ukungu ukanawiri.
Mtu huyu hajawahi kuimeza dawa hii
hata siku moja maishani, na adui yake
anaijua kama njia ya kwao.
Umejifunzia wapi?

Jildou akafunga kifuko cha thelathini na tisa,
akalitazama pipa la buluu mlangoni.
"Matunguu mnayachovya kwenye nini?"
Nikamtajia jina la kwenye lebo.
Akanyamaza kwa muda wa kumeza mate.
"Dawa ya Evert na hii yako
ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja alikwenda hospitali,
mwingine akabaki shambani."

Evert alifundisha hisabati Leiden.
Mimi nilibaki na baba. Hilo sikumwambia.

Miaka thelathini nimechovya,
kwa glavu, kwa kipimo, kwa kibali cha serikali,
kwani usipochovya uozo hula nusu ya mali,
na benki haili maua.
Bibi aliyamenya matunguu haya majira ya njaa ya vita,
akayachemsha, akalisha watoto wanne,
na sisi tupo.
Nani angelishuku ua?

"Ni lundo langu?"
"Siwezi kusema hivyo. Chembe zake husafiri kwa upepo,
na upepo hautoi risiti.
Malundo ni mengi. Ninachoweza kusema
ni kwamba jamaa zake wanaishi humu."
Nilitaka anilaumu, au anisafishe.
Aliniachia namba ya simu, akashukuru kwa kahawa.

Evert alifariki tarehe tisa Machi,
haiyasinti ndiyo kwanza zinapasua udongo.

Oktoba nilisimama mbele ya pipa, kreti mikononi.
Safu ishirini nilizichovya. Tatu sikuzichovya.
Si ushujaa. Tatu ndizo nilizomudu kuzipoteza.

Juni, wakati wa kuchimbua, nikapiga magoti
na daftari la Evert la mirabaraba:
katika kila matunguu mia, thelathini na moja yameoza.
Nikanusa moja. Harufu tamu kidogo, ya stoo.
Nikamtumia Jildou namba hiyo, bila salamu.

Jibu lilikuja usiku, kutoka maabara ya Nijmegen,
ambako taa, nadhani, huzimwa na wafagiaji:
"Pole. Asante.
Hesabu tena mwakani.
Safari hii acha safu tano, ukiweza."